Uso wa Julie kwenye Kichuguu

Adolphe alipotaka kutoka na ule ubao, nilimzibia mlango kwa mwili wangu.

"Weye iko na akili kweli? Uso ya mutoto yetu, unapeleka ku muchwa?"

Mume wangu alikuwa fundi mitambo kiwandani Shituru, lakini mtaani kwetu Likasi walimjua kwa kazi yake ya jioni. Alichora kwa mafuta machafu ya injini juu ya ubao laini, kisha akaulaza kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Mchwa hawagusi mafuta. Walikula palipobaki pakavu, na baada ya muda mchoro ulisimama juu ya ubao kana kwamba umechongwa kwa patasi. Alipenda kusema kwamba yeye ni kibarua tu, mafundi wako chini ya ardhi. Nilicheka, maana alichora kuku, baiskeli, na mara moja padri wetu, ambaye mchwa walimpunguzia pua kwa huruma.

Kisha surua ya mwaka 1970 ikamchukua Julie, binti yetu wa miaka minne. Hatukuwa na picha yake hata moja. Kila Krismasi tulisema tutampeleka kwa mpiga picha. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kufikia Pasaka nilikuwa nimeanza kuusahau mdomo wake, na niliogopa kumwambia mtu. Ndipo Adolphe akamchora kwenye ubao.

Pale mlangoni Adolphe hakunisukuma.

"Banakula mubao tu, Philomène. Yeye atabakia."

"Na kule ku makaburi, banakula mubao tu?"

Alisubiri mpaka nilipochoka kusimama, akapita. Tangu hapo nilimpikia bila kumsemesha.

Siku moja, yeye akiwa kazini, hasira zilinishinda. Nikaenda kuutoa ule ubao niuchome. Mchwa walikuwa wameufunika kwa udongo mwekundu. Nikaukwangua kwa kucha. Paji la uso likatokea. Jicho. Kisha mdomo, na lile pengo alilolipata alipoanguka kwenye ngazi za kanisa, pengo ambalo mimi mama yake nilikuwa nimelisahau na baba yake hakulisahau. Nililia kwa sauti hadi jirani yangu Émérence akaja mbio. Shavu la kushoto lilikuwa bado halijatokea. Julie alikuwa kama mtoto anayechungulia mlangoni.

Émérence aliinama kuwapukuta mchwa. Nikamshika mkono.

"Baache. Habayamaliza bado."

Nikaulaza ubao mahali pake. Wazee wa kwetu hawamruhusu mama kufika kaburini kwa mtoto wake wa kwanza, na siku ya mazishi wanawake walinishikilia chumbani. Sasa nikachota udongo wa kichuguu kwa viganja viwili, nikamfunika mwanangu polepole, mdomo mwisho.