Nyumba Isiyotulia

Kila siku saa tisa alasiri Seline aliwasha jiko mbele ya mlango wake, Kibera, chini kidogo ya kituo cha Olympic, akateleka karai la mafuta na kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Jumatatu moja watu wa mradi wa barabara walipita na rangi nyekundu, wakachora X ya kubomolewa kwenye mabati ya chumba chake kwa kuwa ndicho kilichotangulia. Nyuma yake kulikuwa na vingine kumi na kimoja vya ploti hiyo hiyo. Jumanne alipoamka kichwa kilikuwa kinazunguka, na kufikia saa nne nyumba nayo ilikuwa inazunguka.

Haikuzunguka kwa fujo. Ilikwenda taratibu, kuelekea kulia, hivi kwamba mlango uliotazama reli asubuhi ulitazama choo saa sita, na jioni ukatazama karakana ya Makau, fundi seremala. Wateja walizoea. Waliuliza mlango uko wapi leo, wakaufuata na bakuli zao. Seline alihamisha jiko mara tatu kwa siku, mkono mmoja ukutani, maana akiuachia tu ardhi ilimkimbia.

Wiki ya pili tingatinga lilikuja. Karatasi ya dereva ilisema aanzie penye X. Alilenga ukuta, X ikasogea. Akaenda upande wa pili, ikawa imeshapita. Saa kumi alizima injini, akala mgongo wazi wa Seline, akaandika kwamba alama haipatikani, akaenda zake. Ploti nzima ilishusha pumzi. Makau alimletea Seline soda.

"Mama Billy, wewe endelea tu hivyo hivyo," alisema. Billy mwenyewe, mwanawe, alikuwa Siaya kwa nyanyake, anasoma huko.

Lakini Seline alikuwa hoi. Alitapika kila asubuhi, alilala ameshika mguu wa kitanda, na akisikia injini yoyote, hata ya bodaboda, moyo ulimwenda mbio na nyumba ikaongeza mwendo. Siku aliyopepesuka mafuta yakamchoma mkono mpaka kiwiko, alijifunga kitambaa akaenda zahanati moja ya Kawangware. Huko mtaalamu wa tiba ya viungo, dada mmoja aitwaye Gathoni, alimpima masikio, macho na mapigo ya moyo, kisha akamtembeza juu ya mstari.

"Sikio ilikuwa na shida kidogo, na ikaisha," Gathoni alimwambia. "Saa hii ni woga na kizunguzungu zinapeana nguvu. Ukiogopa, kichwa inazunguka. Ikizunguka, unaogopa zaidi. Lakini inatibika, mama."

"Daktari, ata nyumba inazunguka."

"Eeh, hiyo huja nayo," Gathoni alisema akiandika. "Tafuta alama kwa ukuta, iwe level ya macho. Ikazie macho, halafu geuza kichwa kulia, kushoto, pole pole, mara tatu kwa siku. Pumua ukihesabu. Uko na alama?"

"Niko na X."

"Hiyo iko sawa. Na ni nini unaogopa?"

"Watabomoa."

Gathoni aliandika na hilo, akamwonya asiache mazoezi hata akipona.

Makau alipopata habari alikuja bila soda. "Ukipona, sisi wote tumeisha," alisema. Hakumtisha, alimsihi. "Ngoja ata shule zifungwe."

Seline alingoja siku nne. Siku ya tano alianguka kando ya karai, mafuta yakamwagika shubiri moja kutoka usoni pake. Akalala pale chini anatazama mbingu ikizunguka, na hasira zikampanda. Kwani kichwa chake ndicho msingi wa ploti? Nani alimuuliza kama anataka kushikilia watu wa vyumba kumi na kimoja kwa kutapika? Akainuka, akaanza kuitafuta X.

Siku za kwanza aliifuata akiizunguka nyumba, huku akigeuza kichwa na kuhesabu pumzi. Ikaanza kupunguza mwendo. Siku ya kumi na mbili ilisimama, mlango ukitazama reli kama zamani. Seline alitembea mpaka kwenye bomba la maji na kurudi bila kushika kitu, akalia kwa furaha, na kwa aibu pia. Makau alimwona akirudi, akapanda juu ya paa lake na kuanza kung'oa misumari ili aokoe mabati.

Tingatinga lilikuja Alhamisi. Lilichukua dakika arobaini kwa vyumba vyote kumi na viwili. Seline alitazama mpaka mwisho, amesimama wima kabisa.

Alipata chumba Kabiro, kule kule Kawangware. Gathoni alikuwa amemwonya asiache mazoezi, na ukuta wa huko, uliopakwa chokaa, haukuwa na alama. Basi akachukua kipande cha mkaa, akachora X ndogo kando ya mlango wake. Jirani yake Nthenya, muuza mboga, aliiona alipotoka kuanika nguo. Alirudi ndani akaanza kukunja magodoro.

"Nthenya, hiyo ni mimi nimechora," Seline alimwambia. "Ni ya matibabu."

"Ata kule tulitoka walisema ni ya kupima tu," Nthenya alijibu, akashika mwimo wa mlango, maana kichwa kilikuwa kinamzunguka.

Seline alilowesha kitambaa akaifuta X mpaka ukuta ukabaki mweupe. Ploti ilikuwa imeshaanza kwenda, taratibu, kuelekea kulia. Yeye mwenyewe alikuwa imara. Alimshika Nthenya mkono, akamwonyesha pale alama ilipokuwa, akamwambia akaze macho hapo na apumue akihesabu. Kisha, kwa kuwa saa tisa ilikaribia, alibeba jiko akalipeleka upande wa pili, ambako mlango ungefika jioni.