Chungu Kisichotua

Mikono minne iliking'ang'ania chungu kimoja, na ndani ya chungu alikuwamo mama yetu.

Siku tatu majivu yake yalining'inia kwenye tawi nje ya kijiji, maana kwa mila yetu hayaingii nyumbani. Yakishateremshwa, hayagusi ardhi mpaka yafike Mto Ganga. Kaka Harkesh alishika shingo, kaka Dinu kitako. Wakafika kituo cha treni hivyo hivyo, ubavu kwa ubavu, kama majogoo waliofungwa kamba moja.

"Mimi ndiye mkubwa! Mimi nilimwashia moto!" Harkesh akafoka.

"Kwa kiberiti changu! Mama akiumwa, wewe uko mjini Dilli. Picha yako ukutani ndiyo iliyomuuguza?"

"Na wewe ulimuuguza? Dirisha la chumba chake liko upande gani? Haya, sema!"

Abiria wakaangua kicheko. Mimi nilishika mfuko wa chapati na tiketi. Miaka sita nilimwinua mama kitandani, nikamwogesha, nikamlaza. Usiku mmoja aliniambia, "Sugni, mikono yako inaujua uzito wangu. Majini unitie wewe."

Nilikuwa nimewaambia. Harkesh akanijibu, "Mwanamke hapeleki majivu. Shika chapati."

Basi nikashika, nikatazama. Mwuza chai akapita; hakuna aliyethubutu kuachia mkono. Jua likapanda. Magoti ya Dinu yakaanza kucheza.

"Kaka, nimebanwa."

"Nenda. Nani kakushika?"

"Niende, ukimbie naye?"

"Mpumbavu we, hata mimi nimebanwa tangu alfajiri!"

Mbali, treni ikapiga honi. Wakatazamana, kisha wote wawili wakanigeukia.

"Sugni, njoo upesi! Ole wako ukikitua!"

"Sitakitua, kaka."

Wakatimka nyuma ya ukuta, kila mmoja akimchunga mwenzake. Treni ikasimama. Nikakikumbatia chungu, nikapanda.

Wakatokea mbio, nguo wakizifungia njiani. "Shuka! Shuka na mama!"

Treni ikaanza kujivuta. Harkesh akapenyeza mkono dirishani, akakigusa chungu, akaurudisha haraka asije akakiangusha.

"Kiweke chini, ushuke!" Dinu akafoka, akikimbia.

"Nikiweke wapi, kaka?"

Jukwaa likaisha.

Mama mmoja akanisogelea. "Binti, safari ndefu hii. Tua mzigo chini ya kiti."

Nikatikisa kichwa, nikampakata mama yangu vizuri zaidi. Alikuwa mwepesi kuliko siku zote, lakini mikono ilimjua.