Sifuri ya Bi Mwanakheri

Usiku wa jana, uji wa mtama ukiwa bado umenijaa tumboni, niliota nimeingia ndani ya kompyuta ya mjukuu wangu Rukaiya.

Mchana alikuwa amenakili daftari langu la wageni wa harusi yake, majina na simu, ili alfajiri ayaingize kwenye kompyuta, nayo iwatumie wote mwaliko. Mimi nilimtaka mmoja tu: shoga yangu Mwanakheri, aliyenisuka nywele siku ya harusi yangu. Sijamwona miaka kumi na tisa.

Ndani ya kompyuta kuna ukumbi wa saruji, umepakwa rangi ya maziwa. Simu za wageni zimepanga foleni. Mlangoni pameandikwa NAMBA. Mlinzi ni alama ya mkato, mkia kaukunja nyuma.

"Sifuri ya mbele, toka," anasema. "Huna thamani. Wenzako wapite."

Sifuri za watu zinabiringika nje. Moja inanigonga mguu. Ni ya Mwanakheri. Naijua, niliiandika kwa wino wa bluu ikapinda kidogo kama kiazi.

"Bibi, nisaidie," inasema. "Bila mimi simu yake hailii."

Namwendea Mkato. "Mwanangu, hizi namba mnazitakia nini humu?"

"Kuzijumlisha."

"Umewahi kujumlisha simu ya shoga yako na ya fundi cherehani?"

Anafikiri sana, mpaka mkia unanyooka. "Bado."

"Ukijumlisha, anapokea nani?"

Ukumbi unageuka jiko langu. Foleni inazunguka mafiga.

"Basi nendeni MAANDISHI," anasema Mkato, akionyesha kifuniko cha sufuria. "Huko kila mtu anaingia alivyo. Ila hakuna kujumlishana."

"Nani kakwambia tunataka?" inajibu sifuri, imenuna.

Naifunga kwenye pindo la khanga isidondoke, nafunua sufuria, tunaingia.

Nikaamshwa na simu. Rukaiya, anacheka.

"Bibi! Bi Mwanakheri amejibu. Anakuja, na kitana chake anakileta!"

"Ile safu ya simu uliiwekaje?"

"Jana nilipoiandaa niliiacha namba, Bibi, nakumbuka kabisa. Leo nimeikuta maandishi."

Nikajipapasa. Pindo la khanga limefungwa fundo. Ndani hamna kitu. Nikavuta daftari chini ya mto. Simu ya Mwanakheri ipo, inaanzia saba. Mbele yake karatasi imebonyea pale kalamu ilipopita, duara limepinda kama kiazi, wino hakuna.