Mwenzangu wa Kazi

Siku ya kuzaliwa kwake Pasi aliwaita watu tisa besti, na mimi sikuwemo.

Pasi si jina alilopewa na wazazi. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiye anayepiga pasi, na mimi naitwa Povu kwa kuwa ndiye ninayefua. Miaka thelathini na moja tumefua mashuka ya nyumba ya wageni, katika chumba cha uani chenye dirisha moja, makaro mawili ya saruji na meza ndefu iliyotandikwa blanketi lililoungua pembeni. Kila mtu ana kazi yake, isipokuwa kukamua. Shuka kubwa halikamuliki na mtu mmoja. Yeye anashika ncha ile, mimi hii, yeye anasokota kulia, mimi kushoto, mpaka likaze kama kamba na maji yatumwagikie miguuni.

Mwaka jana binti yake alimnunulia simu ya kugusa. Tangu hapo Pasi, mtu mzima wa miaka sitini na tatu mwenye wajukuu wanne, akawa na maneno. Muuza mboga aliyemfahamu wiki mbili ni "besti la nguvu". Mke wa fundi baiskeli ni "pacha wangu wa mama mwingine". Kuna mmoja wa kundi la mtandaoni, ambaye hawajawahi hata kuonana, huyo ni "wangu wa kufa na kupona".

"Huyo wa kufa na kupona ana watoto wangapi?" nilimuuliza.

"Aa, Povu, si lazima nijue."

"Sasa akifa utajuaje?"

"Nitaona kwenye kundi."

Asubuhi moja alinitumia na mimi: "Besti, umeamkaje," na mioyo mitatu myekundu. Miwani yangu ina kioo kimoja kilichokwaruzika, na kidole changu kimepasuka kwa sabuni. Kuandika neno moja ni safari. Nikamwekea dole gumba. Kwangu dole gumba ni salamu tosha. Hakunitumia tena, nami sikuuliza.

Ndipo ikaja hiyo siku ya kuzaliwa. Akaweka picha za watu wake kwenye stetasi, tisa, kila mmoja na cheo chake, besti damu, besti roho, besti ubavu. Ya kumi nilikuwa mimi, nimeinamia karo, unaonekana mgongo tu. Chini ameandika: "Mwenzangu wa kazi."

Ningecheka yakaisha, lakini nilikuwa na jambo moyoni. Mwanangu, anayeishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, alitaka nihamie kwake. "Mama, mikono hiyo imekwisha. Njoo upumzike." Na kweli nimechoka. Nikiamka vidole havifungi hata kifungo. Nilikwisha kumkubalia, mwisho wa mwezi niende, na Pasi sikuwa nimemwambia. Sasa nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, nikajiuliza: kama mimi ni mwenzake wa kazi, kazi ikiisha mimi ni nani kwake?

Nilimwambia siku ya pili yake, tukiwa tunakamua. "Naacha kufua mwisho wa mwezi. Nahamia kwa mwanangu."

Alisokota mara moja zaidi. Kisha akaachia, shuka likaanguka kwenye tope la mlangoni.

"Umejua lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu tunasimama chumba hiki."

"Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Siku nzuri ya kuniacha ndiyo ipi, Povu?"

Nami nikachokozeka. "Si una mabesti tisa? Mimi ni mwenzako wa kazi. Umeandika mwenyewe, mtaa mzima umesoma."

Alinitazama kama anatazama doa asilojua limetoka wapi.

"Nilikuita besti, ukaniwekea gumba, kama unamjibu mleta gesi. Nikasema huyu mama hataki, ataanza kunicheka. Nikatafuta neno ambalo hutalicheka."

"Sikuweza kuandika."

"Mdomo unao. Niko hatua nne kutoka kwako."

Nikaokota shuka nikalirudisha majini. Yeye akapiga pasi foronya kumi na mbili, akaondoka bila kuaga. Hata siku aliyofiwa na mumewe aliniaga.

Kesho yake saa moja hakuja. Saa mbili hakuja. Nikafua mashuka sita peke yangu, nikajaribu kukamua kwa kufunga ncha kwenye bomba, mkono ukanigoma. Nikayaacha karoni, nikaketi juu ya ndoo.

Alifika saa nne. Hakunisalimu. Alivaa aproni yake, akatoa shuka majini, akanisogezea ncha.

"Kwa mwanao kuna pa kulala mgeni?"

"Kuna kochi."

"Linakunjuka?"

"Sijui."

"Uliza. Mgongo huu hauwezi kulala umekunjwa. Na nikija sikai siku moja, nakaa wiki mbili."

Nikafuta mikono, nikapiga simu. Mwanangu akaniamkia, akauliza kulikoni.

"Hilo kochi lako linakunjuka?"

"Linakunjuka. Kwani anakuja nani?"

Pasi alikuwa ananitazama. Nikayapitia yale maneno yake yote ya kwenye simu, hata moja halikunikaa mdomoni.

"Mama yako mdogo," nikasema.

Mwanangu anajua nilizaliwa peke yangu.

"Nani, Pasi?"

"Una mama mdogo mwingine?"

"Sina. Linakunjuka, Mama, ila mguu mmoja umelegea."

"Ukaze basi."

Pasi akasema nimwambie aianike juani na mito ya hilo kochi. Nikamwambia.