Moshi wa Alhamisi

Kile kidubwasha kilipofika Madungu kutoka Maskati, Bi Radhiya alikipokea kama anavyopokewa mgeni yeyote katika nyumba ile: alikifukiza udi.

Kilikuwa kidogo, hakizidi kiberiti, na mkia mfupi wa USB wa kuchomekwa kwenye kompyuta. Hija, mtoto wa kaka yake, mwalimu wa skuli, ndiye aliyekuja na kompyuta yake kuukuu akaiweka juu ya kabati la vyombo. Akachomeka. Taa ndogo ikawaka kijani.

"Kinavuta hewa, shangazi," alisema. "Kinapima moshi na vumbi lililomo, halafu nambari inakwenda mpaka kwenye simu ya Maisa kule kule Maskati. Kijani, hewa safi. Nyekundu, basi tena."

Bi Radhiya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda jikoni akarudi na chetezo kinafuka. Kitu kimetoka kwa mwanawe Maisa, kimesafiri ndani ya mabegi ya watu, kingeingiaje nyumbani hivi hivi? Akakizungushia chetezo taratibu huku akimsalia Mtume. Taa ikawa manjano, ikawa nyekundu, na kabla Hija hajafungua mdomo, simu ikalia.

"Mama, nyumba inaungua?"

"Namfukiza mgeni wako."

Maisa alicheka. "Ule udi wako wa waridi?"

"Upi mwengine?"

"Mama," Maisa akasema, "ndio moshi huo huo uliompeleka Alya hospitali."

Hilo hakuhitaji kukumbushwa. Alya ni mjukuu wake, mtoto wa pekee wa Maisa, na ana pumu. Mara ya mwisho walipokuja ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kifua kikambana, midomo ikageuka rangi, wakamkimbiza hospitali wamembeba mikononi. Tokea hapo baba yake akasema mtoto harudi Pemba mpaka kwanza ijulikane hewa ya nyumba ile ikoje. Alya akaota meno, akang'oka meno, na bibi yake anayaona kwenye kioo cha simu tu. Sasa daktari wa Maskati amekubali: nambari zikiwa nzuri mpaka Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa, waje wale Idi nyumbani.

Basi Bi Radhiya akaacha kuni. Akaacha makumbi ya nazi, akaacha mkaa, akanunua jiko la gesi ambalo alilitazama siku nzima kabla ya kuliwasha. Mkate wa kumimina, ambao hauivi vizuri bila makaa juu na chini, akauaga. Na chetezo akakifunga kwenye kitambaa, akakisukuma uvunguni. Hilo ndilo lililomuuma. Tokea aolewe hajapata kupitisha jioni ya Alhamisi bila ya kufukiza nyumba, vyumba vyote, na nguo za kuamkia Ijumaa. Sasa Alhamisi inaingia na kutoka kama Jumanne. Akilala, mto haunuki kitu.

Jirani yake, Bi Mwanapili, aliingia siku moja kwa mlango wa uani, akasimama akivuta pua.

"Wambaje, mwenzangu? Nyumba yako imekuwaje, mbona haina harufu?"

"Imefunga."

"Imefunga saumu?"

"Saumu ya moshi."

"Na futari yake nini?"

"Futari yake Alya."

Bi Mwanapili alitaka kucheka, hakucheka. Akaketi, akakitupia jicho kile kidubwasha. "Na huyu mpelelezi wenu, anatuona?"

"Anaona moshi tu."

"Afadhali. Maana tokea niingie nimejikuna sana."

Siku magari ya kampeni yalipopita na spika zao, vumbi likaingia, taa ikawa manjano. Bi Radhiya akafunga madirisha, akasimama mlangoni na kanga mbichi aliyoichovya maji, akilipungia vumbi lirudi na chama chake. Chumba cha ndani alikwishakitandika shuka mpya. Kila asubuhi akiingia, ananyoosha mikunjo ambayo haipo.

Idi ikakaribia. Alhamisi moja baada ya alasiri simu ikalia, na kwa jinsi Maisa alivyosema "Mama" tu, Bi Radhiya akajua, akaketi.

"Daktari amekataa."

"Nambari mbaya?"

"Nambari nzuri. Kasema hajaona nyumba safi kama hiyo. Kifua cha mtoto ndicho. Kimembana tena juzi, hataki asafiri. Kasema tungoje mwakani."

Bi Radhiya aliutazama mlango wa chumba cha ndani. "Mwakani si mbali," alisema. "Muhimu mtoto."

"Mama, nikwambie kitu? Kila Alhamisi saa hizi nafungua simu natazama. Kijani. Nafurahi kwa ajili ya Alya, halafu naumia. Ile siku ulipokifukiza, nilikuwa jikoni, nikaiona nambari inapanda, na wallahi nilisikia harufu. Ile yako. Nikakaa chini pale pale."

Bi Radhiya akasema, "Usikate simu."

Akapiga magoti, akakivuta chetezo kutoka uvunguni, akakifungua kitambaa. Akawasha kipande cha mkaa uani, akarudi nacho. Udi ulikuwa bado chupani, umeshikana kidogo kwa kungoja. Akaumega, akautia juu ya kaa, na chetezo akakiweka kabatini, ubavuni mwa kidubwasha. Moshi ukainuka polepole, kama uliosahau njia. Taa ikawa manjano. Ikawa nyekundu.

"Themanini," Maisa alisema kwa sauti ya chini. "Mia na kumi. Mia mbili." Alisoma kama mtu anayesikiliza nyayo za mgeni zikikaribia mlango. Kisha hakusoma tena, zikasikika pumzi zake tu.

Sauti ndogo ikaingia kati, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu cha kule. "Bibi, nyekundu hiyo. Fungua dirisha."

"Nafungua, mjukuu wangu," alisema Bi Radhiya, mkono tayari uko kwenye komeo. "Ngoja mamako amalize kuvuta pumzi."