Mzigo wa Heriel

Chai ilimtoka Yustina upande wa kushoto wa mdomo, ikamchuruzikia hadi shingoni. Tangu alfajiri jicho la upande huo lilikuwa halifumbi. Magoti yalikuwa yamevimba, akashuka ngazi za kuingilia zahanati kwa makalio kama mtoto.

"Dawa umemaliza?" daktari alimwuliza. Mama huyo wa Kichina aliwahi kufanya kazi Dodoma, na Kiswahili alikuwa bado nacho.

"Kimebaki hiki kimoja, mama. Sijaruka hata siku."

Ni daktari huyo aliyeliona duara jekundu pajani mwa Yustina majuma yaliyopita, akamwambia ni ugonjwa wa Lyme, unaletwa na kupe, na dawa ya doksisaiklini ingeumaliza mapema. Kupe huyo alimng'ata vichakani nje ya Guangzhou, alikojificha polisi walipowasaka wasio na viza. Viza yake iliisha pasipoti ikiwa kwa Heriel, wakala wa mizigo, mtu wa kwao Moshi, aliyekuwa "anaishughulikia" tangu Pasaka. Bila pasipoti aliogopa kuzurura mjini, kwa hiyo hata dawa alimwagiza Heriel.

Daktari alikifungua kidonge, akakimimina kiganjani, akakisugua.

"Unga mtupu, si dawa," alisema. "Sasa ni sindano, kila siku. Ukikatisha, uso unaweza kubaki hivi."

Yustina alichomwa ya kwanza. Kisha akaenda ghalani kwa Heriel, nyuma ya Zhanqian Road, akichechemea, hasira ikimsukuma.

Wapagazi walikuwa wakificha katoni za vidonge vilevile katikati ya marobota ya jinzi za kwenda Dar es Salaam. Yustina alichukua kisu cha kufungulia marobota, akachana katoni moja baada ya nyingine, akazifungulia mpira wa maji.

"Dada Yustina! Umerukwa na akili? Huo mzigo wa watu!" Heriel alipiga kelele.

"Najua. Watu wa kwetu." Akamjia na vidonge konzi nzima. "Meza."

"Mimi siumwi."

"Na unga hauui. Meza, kaka."

Alimsukumia mdomoni mpaka Heriel akakohoa, machozi yakamtoka. Yustina aliona raha ambayo hakuwa ameionja tangu augue.

Polisi walipofika, Heriel aliwagawia sigara kabla hajafungua mdomo.

"Pasipoti?" mmoja alimwuliza Yustina.

"Anayo huyu! Na hizi dawa zake!" Akamgeukia Heriel. "Mwambie!"

Heriel akasema maneno mawili ya Kichina.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba huna."

Polisi aliviruka vidonge vilivyoelea sakafuni, viatu visilowe. Yustina alipotolewa mlangoni, Heriel alikuwa akiwaonyesha wapagazi katoni zilizosalimika.

Kituoni walimkalisha mbele ya ukuta mweupe, apigwe picha ya kurudishwa kwao. Alionyesha mkono. "Sindano," alisema. "Daktari. Kesho." Hakuna aliyemwelewa.

Mpiga picha aliishusha kamera, akamkunjia uso. Kwa Kiingereza cha kuokoteza akamwambia asicheke.

Akapiga. Akaitazama midomo ile iliyovutwa upande mmoja, akamwambia tena, kwa ukali, asicheke.