Sare ya Bochaberi

Jumapili baada ya mazishi, nguo za Bochaberi zilimwagwa kwenye turubai mbele ya nyumba yao ya kampuni ya chai, upande wa Merigi, ndugu wakagawana kama ilivyo desturi. Dorcus, mdogo wake, alichukua viatu vya kazi kwa sababu vilikuwa bado vizima. Sare nyeupe ya unesi haikutakwa na mtu. Valary, binti wa marehemu, aliifua akaianika.

Jumatatu asubuhi sare ilishuka kwenye kamba, ikateremka kati ya michai hadi zahanati ya shamba, ikafungua mlango. Ilikwenda bila viatu. Wagonjwa waliisalimu, "Habari ya asubuhi, sista," wakapanga foleni. Haikuwa na kichwa wala viganja, lakini mikono yake mitupu ilifunga vidonda na kudunga sindano vizuri tu, na watoto walilia vilevile.

Meneja, Bwana Oketch, alikuja kujionea. Bochaberi alikuwa nesi wa pekee wa shamba zima, usiku na mchana, mpaka alipoanguka mlangoni pa zahanati akiwa ameshika bandeji. Tangazo la kumtafuta mwingine lilikuwa limebandikwa getini. Oketch aliitazama sare ikipima presha, akaridhika, akaenda kulibandua.

Valary alikuwa ameitwa chuo cha unesi, na siku ya kuripoti ilikuwa inakaribia. Baba yake, Omariba, hakutaka kusikia.

"Mama yako alisoma hiyo maneno. Si umeona imemfikisha wapi? Hata kaburi haijampatia off."

Kila asubuhi Valary alifuatana na sare, kwa kuwa haikuwa na sauti na ilibidi mtu awaite wagonjwa kwa majina.

Alhamisi, Molly, mchuma chai, alikuja kujifungua. Sare ilimpokea mtoto salama. Kisha damu ikakataa kukatika. Sare ilikandamiza tumbo la mama mpaka mikono yake ikalowa kufikia mabegani.

"Valary, mbona nasikia baridi?" Molly aliuliza.

Valary hakujua baridi hiyo ilikuwa ya nini wala afanye nini. Aliigeukia sare, nayo haikuwa na mdomo wa kumwambia. Alimpigia Oketch simu kuomba gari.

"Gari imepeleka wageni factory. Na si sista yuko hapo?"

"Ni sare tu, boss."

"Si inafanya kazi?"

Molly alikufa kabla zamu ya kiwandani haijabadilishwa. Sare ilimfunika, ikamfunga mtoto blanketi, ikamkabidhi Valary, halafu ikaenda bombani kujifua. Valary alilia palepale, na alikuwa na hasira zaidi kuliko huzuni. Ijumaa sare ilirudi kazini na doa lililogoma kutoka.

"Nitaenda," Valary alimwambia baba yake.

"Kwenda kumalizwa kama mama yako?"

"Molly aliniuliza kitu, Baba, na sikujua. Sitaki kuulizwa tena nikiwa sijui."

Omariba alivaa koti, wakaenda soko la Merigi kununua vitu vya shule: sanduku, ndoo, godoro. Alipofika kwa muuza vyuma alinunua kufuli bila kuombwa, akaivuta kwa nguvu zake zote kuhakikisha haifunguki hata sanduku likisukumwa kutoka ndani.

Siku ya kuondoka, Valary alipitia zahanati. Sare ilikuwa inampima mtoto wa Molly uzito. Ilimwinulia mkono mmoja, kisha ikaendelea. Valary alitamani kukumbatiwa, hata mara moja tu, lakini foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wanangoja.

Chuoni alipewa sare mbili, bado zina mikunjo ya dukani. Alizijaribu, zikamkaa. Jioni alizikunja, akazitia sandukuni, akafunga kwa kufuli ya baba yake, na ufunguo akauvaa shingoni. Nelvine, msichana wa Kipkelion aliyepewa kitanda cha jirani, alimtazama bila kushangaa.

"Hiyo kufuli ni ndogo," alisema, akalivuta sanduku lake kutoka uvunguni. Lilikuwa na kufuli mbili, na mnyororo.